Sura ya Saba: Mdomo wa Mia Mbili na Kumi na Tano

Ng'ombe watatu walikwisha kuwa nyama kabla ukungu haujapanda kutoka bondeni, na nyama ilikwisha kuwa mafungu kabla Kapteni Lakhdari hajamaliza kikombe chake cha pili cha kahawa. Mafungu yalipangwa juu ya majani ya kangaga, kwenye sakafu ya mawe ya baraza la kijiji cha Ighil Uzemmur, safu kwa safu kama askari wa gwaride. Tofauti ni kwamba nyama ilikuwa na nidhamu zaidi.

"Hawa watu," alisema Kapteni, "jana nimewapekulia nyumba zote arobaini na sita. Leo wanafanya sikukuu?"

"Si sikukuu, Afande. Ni kufungua msimu wa kulima," alijibu Inspekta Boussad Issad. "Kijiji kinanunua ng'ombe kwa pamoja na kugawana sawa. Tajiri fungu moja, maskini fungu moja, kichanga fungu moja."

"Kichanga hana meno."

"Ana mdomo. Hapa wanahesabu midomo. Meno ni shauri la mwenyewe."

Kapteni hakucheka. Alikuwa mtu wa mji mkuu, mrefu, msafi, na Kikabyle, lugha ya milima hii, alikijua maneno mawili, yote mawili ya matusi. Ndiyo maana Boussad alikuwa pale. Boussad alizaliwa nyumba ya tatu kutoka barazani. Alihamia mjini miaka kumi na tano iliyopita, akapata cheo kidogo na tumbo la kuheshimika. Kijiji hakikumfuta. Kila walipochinja, fungu lake lilitungwa kwenye ukindu na kuning'inizwa kwenye msumari ukutani, likimsubiri. Asubuhi hii pia lilikuwapo. Alikuwa amelitazama mara mbili, si kwa njaa.

Mkuu wa baraza, Mokrane, aliyeitwa Dda kwa heshima ya umri, alisimama. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kanzu nzito ya sufu na kidole gumba kilichogeuka rangi kwa ugoro. Wanaume wakanyamaza.

"Jamaa zangu," alisema, "hesabu ni amana. Anayeficha mdomo ameiba, anayeongeza mdomo ameiba. Mbele ya Mungu na mbele yenu, midomo ya kijiji leo ni mia mbili na kumi na tano."

Alipotaja namba ile alimtazama Boussad usoni, kwa muda mrefu kidogo kuliko heshima inavyoruhusu. Kisha akaanza kuita nyumba moja moja.

"Kasema nini?" aliuliza Kapteni.

"Kwamba mafungu ni mia mbili na kumi na tano."

Kapteni akatoa paketi ya sigara na kalamu, akaiandika namba juu ya paketi. Alikuwa na tabia hiyo: aliandika kila kitu, hata bei ya kahawa. Boussad aliona kalamu ikitembea, wala hakuwaza lolote. Kosa hilo angelikumbuka kwa muda mrefu.

"Inspekta, nisikilize. Saa tisa alasiri tarishi wa ofisi ya kata analeta daftari la wakazi. Ikifika saa tisa sijapata yale makopo, vijana wangu watashika nyundo. Kila ukuta, kila dari, kila chungu. Na huyu mzee wa ugoro na wenzake watatu nitawapakia kwenye lori."

Neno lori, katika kijiji kile, halikuhitaji mkalimani. Wazee wawili waligeuza vichwa.

* * *

Makopo yaliyotafutwa yalikuwa sita, bapa, ya bati, kila moja pana kama sahani ya mkate. Ndani yake mlikuwa na filamu mama, ile ambayo nakala zote huzaliwa kwayo. Nakala yenyewe ilikuwa moja tu, na kamati ya ukaguzi ilikwisha kuichoma kwa sababu mbili, moja iliyoandikwa na moja isiyoandikwa. Iliyoandikwa: watu wa filamu wanasema Kikabyle tangu mwanzo hadi mwisho, na lugha ya taifa haisikiki hata kwenye kupiga chafya. Isiyoandikwa: dakika ya sabini, bibi kizee mmoja anakaa mbele ya kamera na kutaja majina ya wanaume kumi na tisa wa kijiji chake waliopakiwa kwenye lori miaka ishirini iliyopita. Waliowapakia hawakuwa Wafaransa. Wafaransa walikuwa wameondoka tayari.

Ouali, aliyeitengeneza filamu hiyo kwa pesa za shemeji zake na kamera ya kuazima, alikamatwa mwanzoni mwa mwezi. Siku ya nne alianguka kutoka ghorofa ya tatu. Boussad aliisoma ripoti: kurasa kumi, imepigwa chapa vizuri. Alikijua pia chumba chenyewe. Dirisha lake lilikuwa na nondo. Ripoti haikueleza Ouali alipenyaje.

Alibaki mhariri wa filamu, mwanamke aitwaye Tassadit, aliyetoweka na makopo. Picha yake ilikuwa mfukoni mwa Boussad: nywele fupi, suruali, miwani minene, kicheko cha mtu asiyejua kwamba picha itatumiwa na polisi. Filamu mama ikichomwa, hakuna filamu tena, na wale kumi na tisa watakuwa wamechukuliwa mara ya pili.

* * *

Saa tano mtu asiyetaja jina alimnong'oneza koplo kwamba kuna kopo la filamu kwenye kinu cha zeituni. Kapteni alitaka kupeleka askari kumi. Boussad aliomba aende peke yake.

"Ukienda na bunduki kumi utapata kinu. Nikienda mimi nitapata maneno."

Mwenye kinu, Akli, alikuwa chini ya mtambo, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Toka, Akli. Serikali imekuja."

"Serikali ivue viatu, nimefagia." Akli alijivuta nje, uso umejaa grisi. "Ah, Boussad. Nilidhani ni mtu wa maana."

"Wamesema una kopo."

"Ninalo. Lipo hapo mbele yako, una macho ya nini?"

Lilikuwa juu ya jiwe: kopo bapa la bati, ubavuni limebandikwa karatasi iliyochakaa. Boussad aliinua kifuniko. Grisi ya mtambo, nyeusi, imejaa hadi ukingoni. Alichomeka kalamu ndani mpaka ikagonga bati. Akaizungusha. Grisi tu.

"Umelipata wapi?"

"Walipokuja kupiga picha msimu uliopita waliacha matupu. Mimi nina hili, shemeji yangu anawanyweshea kuku maji. Ouali alisema tuchukue." Akli akafuta mikono kwenye suruali. "Ni kweli aliruka?"

"Ripoti inasema hivyo."

"Sijauliza ripoti."

Boussad alifunga kifuniko. Aliketi juu ya gunia, akakubali sigara, akauliza habari za kijiji kama mtu aliyekuja kusalimia tu. Nani kafa?

"Tangu tulipochinja mara ya mwisho? Dda Slimane wa kule juu, mapafu. Ndiye huyo tu."

"Nani kazaa?"

"Binti yangu. Mvulana, ana sauti kama honi. Huyo naye ni huyo tu."

"Hakuna aliyerudi kutoka Ufaransa? Harusi?"

"Arudi nani, aje kumtazama kapteni wako? Na harusi tunangoja zeituni ziive. Kwa nini?"

"Mazoea ya kazi."

Boussad alivuta sigara mpaka ikamuunguza vidole. Mara ya mwisho kijiji kilipochinja alikuwapo, amesimama palepale barazani, na Dda Mokrane alitaja namba kwa sauti ileile. Mia mbili na kumi na nne. Mmoja amekufa, mmoja amezaliwa. Hesabu hiyo hata mbuzi angeipiga: mia mbili na kumi na nne.

Mzee alikuwa ametaja kumi na tano.

Hakukosea, mkuu wa baraza anayekosea hesabu ya nyama huvuliwa cheo kabla nyama haijapoa. Kulikuwa na mgeni kijijini, na mgeni akilala chini ya paa la kijiji ni mdomo, na mdomo una fungu. Mzee angeweza kumficha kwenye pango, angeweza kumficha kaburini. Kumnyima nyama ndilo jambo asiloliweza. Akaitangaza namba mbele ya polisi wote, kwa sababu katika polisi wote ni mmoja tu aliyeielewa, na huyo alikuwa mtoto wa nyumbani.

Naye mtoto wa nyumbani akaitafsiri, ikaandikwa kwenye paketi ya sigara.

* * *

Ripoti ya upekuzi wa jana ilikuwa kwenye gari la Kapteni, kurasa tisa, mwandiko wa koplo. Boussad aliiomba kwa kisingizio cha kutafuta nyumba zilizorukwa. Alisoma amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Nyumba ya kumi na nane: wanaume wawili, wanawake watatu, watoto watano, punda. Nyumba ya thelathini: mzee mmoja, kipofu. Nyumba ya thelathini na moja, Ghenima, mjane: wanawake wawili, mbuzi mmoja, mitungi miwili ya nafaka, imefunguliwa vizibo, shayiri.

Wanawake wawili.

Askari walikuwa wakimtafuta mwanamke wa mjini mwenye suruali. Wakamkuta wa kijijini mwenye kitambaa kichwani, wakamhesabu pamoja na mbuzi na kuendelea. Lakini Nna Ghenima, mama Ghenima kama kijiji kilivyomwita, aliishi peke yake. Mwanawe wa pekee alikuwa mmoja wa kumi na tisa. Na bibi kizee wa dakika ya sabini, aliyekaa mbele ya kamera ya Ouali, alikuwa yeye.

"Umepata kitu?" Kapteni alikuwa nyuma yake.

"Mwandiko wa koplo wako. Ungechunguzwa peke yake."

"Daftari la kata limeshaondoka mjini. Nikilipata nitalilinganisha na hii, nyumba kwa nyumba." Aligonga paketi ya sigara mfukoni. "Na hii. Sipendi namba zinazotajwa kwa sauti kubwa hivyo."

Boussad alirudisha ripoti. Kapteni hakuwa mjinga; alikuwa mgeni tu, na ugeni wake ungekwisha saa tisa. Saa ya mkononi ya Boussad ilionyesha saa saba na dakika hamsini.

"Nitarudia nyumba za kule chini," alisema Boussad. "Wajane husema zaidi wakiwa na mtu mmoja."

* * *

"Nani?"

"Mwana wa Yamina."

"Yamina alizaa mwana," ilisema sauti ya ndani. "Sikujua kama alizaa na kofia."

Boussad akaivua, akainama, akaingia. Nyumba ilikuwa moja ya zile za zamani: mbuzi upande wa chini, watu upande wa juu, na kati yao mitungi miwili ya udongo, mirefu kupita mtu, iliyofinyangwa humo humo ndani na isiyoweza kutoka mlangoni ila kwa kuvunjwa. Kwenye boriti ilining'inia mishipi miwili ya nyama.

Nna Ghenima alikuwa akichagua dengu kwenye ungo. Nyuma yake, kwenye mtambo wa kufumia uliosimama ukutani, mwanamke kijana alifuma akiwa amewapa mgongo.

"Na huyu?"

"Mke wa mwanangu."

"Mwanao alichukuliwa ana miaka kumi na saba, Nna. Tulikaa dawati moja."

"Basi amechelewa kuoa. Kuna sheria?"

Boussad aliketi kwenye kizingiti cha ndani. Hakutoa picha mfukoni. Alitazama tu mikono ya yule mfumi. Uzi ulikatika. Mfumi yeyote wa kijiji kile huunga uzi kwa vidole, macho yako kwingine, mdomo unasengenya. Huyu aliushika uzi ncha mbili, akauinua juu kuelekea mwanga wa mlango, akausoma.

"Wewe unakata filamu," alisema Boussad, "na pua yako ina alama ya miwani. Fungu moja la nyama ni la Nna. La pili ni lako."

Dengu zikaacha kugonga ungo.

"Ningemnyima?" alisema Nna Ghenima. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mokrane aliniuliza, midomo mingapi. Nimjibu mmoja? Mtu amelala kwangu siku kumi na moja, nyama ya kijiji aijue kwa harufu? Nina miaka sabini na mbili, sijamdhulumu mtu fungu."

"Ndilo lililowauza."

"Limetuuza kwako. Wengine hawajui kuhesabu."

"Wanajifunza haraka. Nami niliwafundisha namba ya kwanza."

Tassadit aligeuka. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo na makali. "Tuna muda gani?"

"Saa moja. Kinakuja kitabu chenye majina ya kila mkazi. Nyumba hii ina jina moja. Watakuja na nyundo."

"Nitoke kwa nyuma?"

"Nyuma ni bonde, na bondeni kuna bunduki nne. Utafika nusu ya njia." Alimwacha aimeze. "Wewe utapatikana, dada yangu. Hilo sitakudanganya. Kinachobaki ni kama utapatikana na filamu au bila filamu."

"Wakinipata bila makopo," alisema Tassadit, "watavunja kijiji kizima mpaka wayapate."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni lazima wapate makopo."

"Ndiyo."

Alifikiri. Mbuzi alitafuna. Kisha Tassadit akapanda ngazi ya dari, akashusha kifurushi kikubwa cha blanketi, akakifungua sakafuni. Makopo sita yenye karatasi nyeupe. Na mfuko wa unga, ambao haukuwa na unga.

"Vipande vya kutupa," alisema. "Nna akikohoa, Nna akisahau jina, Nna akimfukuza kuku mbele ya kamera. Ouali alinicheka kwamba situpi kitu."

"Vinatosha makopo sita?"

"Nikivizungusha ovyo, vinatosha. Kapteni wako anajua filamu?"

"Anajua kuchoma."

Walifanya kazi haraka. Tassadit alitoa mikanda kwenye makopo, mmoja mmoja, akaviringisha kila mmoja kwenye kitambaa cha pamba kilichopasuliwa kutoka shuka la Nna. Boussad alipandisha mikono ya koti, akaegemeza tumbo kwenye mdomo wa mtungi, akazamisha mikanda ndani ya shayiri mpaka mkono ukaishia begani. Nafaka kavu, haina unyevu, haipitishi mwanga. Askari walikuwa wameshafungua kizibo cha mtungi huo jana, wakaona shayiri ikimwagika, wakaridhika. Ripoti ilisema hivyo, na ripoti hupendwa na mabwana wakubwa.

Nna Ghenima alizisawazisha punje juu kwa kiganja, taratibu, kama anayemtandikia mtoto.

"Mwanangu yumo humu," alisema, bila kumwambia mtu.

Tassadit alikuwa akizungusha mabaki kwenye makopo. "Inspekta. Ouali aliruka?"

"Dirisha lina nondo."

Alitikisa kichwa mara moja, akafunga kopo la sita. "Watanipeleka chumba kile kile?"

"Jengo lile lile. Nitakusindikiza mpaka kwenye meza ya zamu. Nitaandika jina lako kitabuni kwa mkono wangu, saa na dakika, kwamba umeingia mzima, na nitamlazimisha mwenye zamu atie sahihi. Zaidi ya hapo sina."

"Alipoingia Ouali, kuna aliyeandika?"

"Hakuna."

"Basi ni kitu," alisema Tassadit. Akavaa miwani yake, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja na kukiweka juu ya mtambo wa kufumia, pale uzi ulipokatikia.

Boussad alivaa kofia. "Nna, nikitoka hapa nitukane. Kwa sauti. Mtu yeyote asijue zaidi ya sisi watatu, hata Mokrane."

"Kukutukana hukuwa na haja ya kuniomba," alisema bibi. Kisha akamshika mkono wa koti, akaukung'uta vumbi la shayiri, mara mbili tatu, mpaka akachoka.

* * *

Kapteni aliyapanga makopo sita mbele ya baraza, mahali palipokuwa na mafungu asubuhi. Majani ya kangaga yalikuwa bado chini, yameloa damu. Wanaume walisimama upande mmoja. Wanawake walijaa kwenye vichochoro na juu ya kuta. Tassadit alikuwa ndani ya gari, pingu mikononi, miwani imepinda upande kwa kofi la koplo. Boussad ndiye aliyemleta, na alikwisha kumweleza Kapteni jinsi mdomo uliozidi kwenye hesabu ulivyompeleka kwa mjane.

Kapteni alifungua kopo la kwanza, akavuta kipande, akakiinua juani. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko Boussad alivyopenda.

"Bibi kizee," alisema. "Mdomo wazi. Ndiye?"

"Ndiye, Afande."

"Anataja majina?"

"Afande, filamu ukiishika mkononi haitoi sauti. Lakini ndiye."

Kapteni akashusha kipande. Macho yake yakashukia mkono wa koti la Boussad. Akabandua kitu kidogo kwa kucha, akakitazama: kapi la shayiri.

"Umekuwa mkulima?"

"Nimepekua mitungi. Umesema kila chungu."

"Na mlikuwa na nini?"

"Shayiri, Afande."

Kapteni alikipuliza kile kikapi. "Yule kikongwe mwache," alimwambia koplo. "Akinifia mikononi nitaandika kurasa kumi nyingine." Kisha akaashiria kwa kidole, na petroli ikamwagwa.

Filamu haikuwaka kwa moto mzuri. Ilijikunja, ikanywea, ikatoa moshi mweusi unaokaba koo. Nna Ghenima akikohoa, Nna Ghenima akisahau, Nna Ghenima akimfukuza kuku: vyote vikawa lami moja juu ya mawe. Mzee mmoja alianza kulia bila kujificha. Akli wa kinu alimkodolea macho Boussad, na macho hayo hayakuwa na utani hata chembe.

Kapteni akasogea mbele ya Dda Mokrane. "Inspekta, tafsiri. Neno kwa neno. Nina koplo anayejua kidogo, nitamuuliza." Akasafisha koo. "Mwambie namshukuru kwa uaminifu wake. Mwambie kama asingehesabu kwa haki, tungehangaika mpaka kesho. Mwambie ni nani aliyenieleza maana ya hesabu."

Boussad alitafsiri. Neno kwa neno, kwa Kikabyle safi cha nyumba ya tatu kutoka barazani. Lilipofika neno la mwisho akalisema pia: "Ni mimi."

Dda Mokrane hakubadilika uso. Kilichobadilika ni mkono wake: kidole gumba kilikuwa kikitafuta kikopo cha ugoro ndani ya kanzu, kikawa kinakikosa. Kumbe mzee alikuwa ameelewa. Haki yake mwenyewe, aliyoitunza miaka thelathini, ndiyo iliyoonyesha mlango.

"Nilikutazama," alimwambia Boussad polepole. "Nilipotaja namba, nilikutazama wewe."

"Niliona, Dda."

"Uliona."

Ndipo Nna Ghenima akatokea kichochoroni, na sauti yake ikatangulia mwili. Alimtukana Boussad tangu kucha hadi kofia. Alimwombea upofu, ukoma na mtoto wa kufanana naye. Alimwombea nyumba isiyo na moto, na kaburi ambalo kunguru hawatatua juu yake kwa aibu. Wanawake walimwitikia kutoka ukutani. Ilikuwa laana ya daraja la kwanza, yenye mizani na vituo, na machozi yake hayakuwa ya kuigiza, kwa kuwa ndani ya gari alikuwamo mtu aliyelala kwake siku kumi na moja. Alipofika mbele ya Boussad alitema mate. Yalitua juu ya kiatu cha kushoto.

Dda Mokrane alikwenda ukutani. Akautoa msumarini ule mshipi wa ukindu wenye fungu la Boussad, akauweka mkononi mwa Nna Ghenima. Bibi alisita kidogo tu. Akaupokea. Angefanya nini? Watu wote walikuwa wakitazama.

"Jamaa zangu," alisema mzee, na wanaume wakanyamaza kama asubuhi. "Hesabu ni amana. Midomo ya kijiji, kuanzia leo, ni mia mbili na kumi na tatu."

Hakuna aliyemtazama Boussad tena. Hawakumkwepa wala hawakumzomea. Macho yalipita mahali alipo kama yanavyopita hewa. Akli alipishana naye bega kwa bega bila hata kupepesa. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa aliyefutwa kwenye hesabu, na huwa mpaka mtu afe, na mara nyingine baada ya hapo, maana kaburi nalo huchimbwa na watu.

Aliingia garini, mbele, karibu na dereva. Kwenye kioo alimwona Tassadit ameketi wima, anatazama moshi kwa makini, kama anayekagua kazi. Kapteni akapanda, akafunga mlango, akatoa paketi ya sigara na kalamu.

"Mzee kasema namba nyingine. Ngapi safari hii?"

Boussad alifuta kiatu cha kushoto kwa soli ya kiatu cha kulia.

"Sikusikia vizuri, Afande."